Chaki Ndani ya Mlango

Kioo cha dereva kilianza kupanda, na mwanamke aliyesimama kando ya gari akaanza kuhesabu mishono.

"Mmoja. Wa pili. Wa tatu."

Hapimi kwa saa. Alishona viti vya magari kwa miaka kumi na tisa kabla ya kushika waya wa umeme, na kwake mshono mmoja wa mkono, sindano kuingia na sindano kutoka, ni sekunde moja. Wapo waliomfuatisha kwa simu zao ili wamkosoe, wakarudisha simu mfukoni kimya kimya.

Kwenye mshono wa tisa kioo kilisita. Mwenye gari, aliyekaa nyuma ya usukani, akainua kiganja bila kufikiri, akakibandika kwenye kioo na kuanza kukisukuma juu.

"Toa mkono, Mwalimu."

"Nakisaidia."

"Kinajua njia. Kiache."

Kilifika juu kwenye mshono wa kumi na nne, kikilia kama mlango wa ghala.

"Kioo kizima ni mishono minne," alisema. "Kikizeeka, mitano. Hiki chako kinakwenda kama mtoto aliyeitwa kuoga."

Ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi. Mwanamke huyo ana miaka hamsini na miwili, na katika uwanja wa mafundi anakofanyia kazi hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Chaki. Mwenye gari ni mwalimu wa udereva, mtu mwembamba wa shati lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama, na gari lake, la miaka ishirini na mbili, ndilo shule yake yote. Alhamisi saa tatu wanafunzi wake sita walikuwa wafanye mtihani ndani ya gari hilo. Mtihani huanza na ishara za mkono, na ishara za mkono zinahitaji dirisha linalofunguka. Wakaguzi walikuwa wameshalikataa gari mara mbili. Barua ya mara ya pili, iliyokunjwa mara nne katika mfuko wa shati, ilisema kioo cha dereva lazima kishuke na kupanda "bila dereva kukisaidia kwa mkono." Likikataliwa mara ya tatu, lingefutwa katika orodha ya magari ya mtihani kwa mwaka mzima.

"Na mwalimu wa udereva asiye na gari," alisema Mwalimu, "ni kinyozi asiye na wembe. Atafundisha nini, hadithi?"

Juu ya kioo, ndani na nje, palikuwa na alama za viganja, moja juu ya nyingine, hadi zimefanya ukungu. Hizo zilikuwa za wanafunzi. Kila aliyejifunza katika gari lile alijifunza gia, breki, vioo vya pembeni, na kukisukuma kioo cha dereva.

Uwanja wenyewe ni wa changarawe, una mafundi ishirini na watatu, na unazungukwa na ukuta wa matofali ulioandikwa namba za simu hadi chini. Sehemu ya Chaki ni pembe ya kushoto, chini ya bati. Ana meza ya mbao yenye mikwaruzo ya mkasi. Juu ya meza kuna kopo la pini za kushonea, rula ya mbao ya futi tatu, mita ya kupimia umeme, birika la bati, na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa ambao hakuna fundi mwingine anayeruhusiwa hata kuutazama kwa muda mrefu. Mafundi wengine wakifunga mlango hubakiwa na skrubu mbili tatu, nao husema kiwanda huweka za akiba. Kwa Chaki skrubu huhesabiwa kwenye sahani wakati wa kutoka na huhesabiwa tena wakati wa kurudi.

Mlango wa pili kutoka kwake kuna duka la vipuri la mdogo wa mume wake. Huyu naye ana jina la uwanjani: Weka Mpya. Taa haiwaki, weka mpya. Honi imekauka, weka mpya. Ndiye aliyempa Chaki ile pembe, karakana ya kushona viti ilipofungwa, na tangu siku hiyo wanataniana kuanzia asubuhi hadi jua linapozama.

"Shemeji," aliita kutoka dukani, bila kuinuka kitini, "mota ya gari hilo ninayo. Imelala hapa inakuota wewe."

"Iache ilale, shemeji. Ya humu haijafa bado."

"Haijafa, lakini imeshaandika wosia."

Chaki alichomoa pini mbili kwenye kopo, akazichoma kwenye nyaya mbili zinazokwenda kwenye mota, moja kila waya, akazigusisha na mita, kisha akamwambia Mwalimu apandishe kioo. Pini za kushonea ni nyembamba. Zikitoka, waya hujifunga kama ngozi. Mita ilionyesha volti kumi na moja na nukta nane wakati kioo kinapanda. Betri yenyewe ilikuwa na kumi na mbili na nukta nne.

Kwa asiyefahamu, maana yake ni hii. Kioo kikipanda polepole, ama umeme haufiki, ama umefika ukakuta mzigo mzito. Ingekuwa swichi imechakaa au waya umekatika nusu, mita ingeshuka hadi tisa, pengine nane. Hapa umeme ulifika karibu wote. Mota ilikuwa inavuta kwa nguvu zake zote, ila kitu fulani kilikuwa kimekishika kioo.

Kujua ni kitu gani, alitumia kile kilichompa jina. Alichukua kipande bapa cha chaki ya fundi cherehani, akachora mistari ya kulala juu ya kioo, ndani na nje, kuanzia ukingo wa mlango hadi juu. Akasugua chaki nyingine kwenye mifereji ya mpira ambamo kioo huteleza. Kisha akashusha kioo chote na kukipandisha mara moja tu. Pale kioo kinapobanwa, chaki hufutika. Pale kinapopita kwa amani, hubaki. Mwingine angevunja mlango mzima kutafuta kile ambacho Chaki husoma kwa kuinama.

Mifereji ya pembeni ilipoteza chaki kidogo, na mahali pake ikabaki nta ya kahawia yenye kunata. Mistari ya nje ilibaki mizima. Ya ndani ilikuwa imefutwa yote, kana kwamba mtu ameipitishia kitambaa.

"Kinabanwa na ubao," alisema.

Upande wa ndani wa mlango, ule ambao dereva huegemeza kiwiko, ni ubao mwembamba wa karatasi ngumu uliovikwa ngozi ya bandia. Ubao huo ukilowana huvimba, na ukivimba ukingo wake wa juu hukikandamiza kioo kama midomo ya mtu anayekataa dawa. Chaki alifungua skrubu tano, akazihesabu kwenye sahani, akapenyeza rula nyuma ya ubao na kuutoa.

Ulikuwa mzito kama mkate uliomwagikiwa chai. Nyuma yake, mahali ambapo panapaswa kuwa na karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwenye chuma cha mlango kuzuia maji, hapakuwa na kitu. Mashine ya kioo, ile mikono ya chuma inayokiinua, ilikuwa na kutu hadi kwenye magurudumu yake.

Na kwenye chuma, juu kidogo ambako maji hayakufika, palikuwa na maandishi ya chaki. Tarehe ya miaka minane iliyopita. Chini yake: *mishono 9, sasa 4.*

Chaki huandika ndani ya kila mlango anaoufunga. Ni tabia ya cherehani. Kule karakana kila mshonaji aliandika alama yake ndani ya kiti ili kiti kikichanika ajulikane aliyekishona. Aliyaangalia maandishi yale kwa muda. Kisha akarudi mezani, akakaa, akanywa maji.

Historia yake na milango ni fupi. Alipokuwa karakana, miaka ya mwisho, alipewa kazi ya kuvisha mbao za milango. Ukitaka kuuvisha mlango lazima uuvue kwanza, na alipouvua aliona kilichomo ndani, na wateja nao hawakukawia. "Mama, kwa kuwa umeshafungua, hebu niangalizie na kioo." Aliangalia kimoja, akaangalia cha pili. Fundi mmoja wa zamani alimwonyesha namna ya kufungua mashine, na kuhusu nailoni akamwambia, "Hiyo tupa, kazi yake kukusanya vumbi." Akatupa. Mwaka mzima wa kwanza alikuwa akizitupa. Masika yaliyofuata mteja mmoja alirudi akiwa na dimbwi miguuni mwa kiti, Chaki akamwagia maji kwenye kioo kwa birika, akaona yanavyoshuka ndani ya mlango, akaelewa. Tangu siku hiyo hajawahi kufunga mlango bila nailoni, na birika halijatoka mezani.

Lakini milango ya mwaka ule wa kwanza hakuifuata. Huu ulikuwa mmoja wao.

Weka Mpya alikuja na soda mkononi, akachungulia, akaona maandishi. Si mtu mjinga.

"Futa," alisema kwa sauti ndogo. "Kitambaa kimoja tu, shemeji. Mimi nakuletea mota kubwa, ile ya gari la mizigo. Ina nguvu ya kuinua na ubao wenyewe. Alhamisi kioo kitaruka kama panzi."

"Na baada ya Alhamisi?"

"Baada ya Alhamisi ni Ijumaa."

Alikuwa na hoja. Mota kubwa ingefungwa kwa saa moja. Kazi kamili ilitaka ubao mpya, rangi ya kuzuia maji inayohitaji usiku mzima kukauka, nailoni mpya, mashine kuvuliwa na kusuguliwa. Ilitaka siku mbili, na siku zilizokuwepo ni mbili hizo hizo. Kosa moja dogo katikati, na gari lisingefika kwenye mtihani kabisa. Aidha, Mwalimu akijua ni nani aliyeuharibu mlango, hakukuwa na sababu ya kumwachia mtu yule yule.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi, anasoma ile barua yake tena kana kwamba maneno yangebadilika.

"Mwalimu," Chaki aliita. "Njoo usome na huku."

Alikuja, akainama, akasoma. Akahesabu miaka kwa vidole.

"Si ndiyo ile mara uliponivishia milango ngozi ya kahawia? Kioo kilikuwa kizito, ukakitengeneza."

"Ndiyo. Mwandiko ni wangu. Hapa palikuwa na nailoni, nikaitupa. Maji yakaingia, ubao ukavimba, ukakibana kioo. Gari lako halijazeeka kwa kioo hiki. Nimelizeesha mimi."

Mwalimu alijiinua, akanyoosha shati. Alipoongea hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Miaka minane, mama. Miaka minane kila mvua nakuta zulia limelowa, nawagombeza watoto wa watu kwamba wanapanda na viatu vya maji. Yupo mmoja alikuwa anavua viatu nje, anaendesha peku kwa sababu yangu. Nikamwambia hata peku analowesha."

"Nisamehe."

"Na leo, siku mbili kabla ya mtihani, ndiyo unaniambia."

"Leo ndiyo nimejua mlango wako ni mmoja wao. Kwamba kuna milango ya namna hii, nimejua miaka saba. Hilo nalo ni langu."

Weka Mpya alisimama pembeni na soda yake akitazama angani, kama mtu anayesubiri mvua. Chaki akaeleza njia zote mbili bila kupamba: mota kubwa kwa saa moja, ambayo ingepita Alhamisi na kuungua kabla ya mwaka kwisha, au kazi yote, siku mbili, kwa jasho lake na vifaa vyake, na hatari kwamba isimalizike.

"Chagua. Ukichukua mota ya shemeji, sitakasirika. Nitakufungia mwenyewe."

Mwalimu aliuzunguka mlango. Akagusa ubao, akafuta kidole kwenye suruali iliyopigwa pasi, jambo ambalo bila shaka alilijutia papo hapo. Kisha akakohoa.

"Na ile nta ya kahawia kwenye mpira," aliuliza, "inatoka wapi?"

"Nami najiuliza. Mtu ametia mafuta."

"Mafuta gani?"

Chaki alichukua kidogo kwa kucha, akanusa. "Haya ni ya kukaangia."

Mwalimu akaikunja barua yake upya.

"Niliambiwa yanalainisha," alisema Mwalimu. "Kila Jumapili. Kijiko kimoja kila upande."

Weka Mpya alipaliwa na soda. Ilibidi akakae chini, na kicheko chake kikawatoa mafundi wawili chini ya magari yao. Mwalimu alijaribu kubaki na uso wa mwalimu, ukamponyoka.

"Basi tumelikaanga wote wawili," alisema. "Fanya kazi yote. Ila Alhamisi saa mbili nataka gari langu hapa, likiwa na mlango au bila mlango."

Kazi yenyewe inastahili kuelezwa, kwa sababu hufanywa hivi na watu wachache.

Alianza na mpira. Alifunga kitambaa kwenye ncha ya rula, akakichovya katika maji ya sabuni, akapitisha ndani ya mfereji, akabadilisha kitambaa, akapitisha tena. Vitambaa kumi na saba, hadi cha mwisho kikatoka kama kilivyoingia. Mafuta ya kula hukauka yakawa gundi. Mafuta ya injini huozesha mpira. Ulipokauka aliupulizia silikoni nyembamba, basi. Mashine ya kioo aliivua, akaisugua kutu kwa brashi ya chuma, akapaka grisi nyeupe kwenye meno na magurudumu tu, "pale panapozunguka, si pale panapoonekana," kama asemavyo. Matundu matatu madogo chini ya mlango, ya kutolea maji, yalikuwa yameziba kwa vumbi na majani. Aliyazibua kwa sindano ya kushonea magunia.

Mchana alikata ubao mpya. Ule wa zamani haukufaa hata kuwa kielelezo, kwa hiyo alivua ubao wa mlango wa abiria wa mbele, ambao hakuwa ameuondolea nailoni wakati ule, akachora umbo lake kwenye karatasi, akaigeuza karatasi upande wa pili, kama fundi anavyokata mkono wa kulia kwa kielelezo cha mkono wa kushoto. Nailoni aliikata kwa njia hiyo hiyo. Ubao mpya aliupaka rangi ya kuzuia maji mara mbili pande zote, akauegemeza ukutani. Hapo hapakuwa na la kuharakisha. Rangi haina bosi.

Nyumbani, wakati wa chakula cha jioni, alimsimulia mume wake, aliyekuwa mpishi wa bweni la chuo hadi alipostaafu na ambaye bado hupika kana kwamba wanakuja watu mia mbili.

"Kosa la miaka minane," alisema mume, akimwongezea sahani, "limeshaota ndevu, mama watoto. Ungeliacha lizeeke kwa heshima."

"Likiota ndevu ndipo linyolewe."

"Haya. Na ya wengine?"

Alikula akamaliza, jambo ambalo katika nyumba ile si dogo.

Jumatano alirudisha vyote. Ngozi ile ile ya kahawia aliyoishona miaka minane nyuma, iliyokuwa bado nzima, aliivisha ubao mpya. Nailoni aliibandika kwa gundi nyeusi isiyokauka, kama kamba ndefu ya ubani wa kutafuna, na ncha ya chini akaichomeka ndani ya chuma ili maji yarudi ndani ya mlango badala ya kuingia garini. Kabla ya kufunga ubao alichukua birika, akamimina maji juu ya kioo kwa nje, taratibu, birika zima, na akapiga magoti ndani ya gari kutazama. Maji yalisikika yakishuka ndani ya mlango, kisha yakatoka chini kupitia matundu matatu. Upande wa ndani halikutoka hata tone. Alimimina birika la pili.

Saa kumi jioni alifunga skrubu ya tano, akabonyeza swichi. Mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Sita.

"Sita si mbaya," alisema Weka Mpya, ambaye alikuwa ameacha duka lake wazi ili aangalie. Tangu asubuhi alikuwa hajaitaja mota.

"Sita ni ya mtu aliyechoka."

Akachora chaki upya. Mistari ya ndani na nje ilibaki. Kwenye mfereji wa nyuma tu, theluthi mbili kwenda juu, paliondoka chaki kiasi cha upana wa kiganja. Aliangalia pale, akaangalia alama za mikono juu ya kioo, akaanza kucheka peke yake. Wanafunzi wote walikuwa wakikisukuma kioo kwenye kona ya mbele, iliyo karibu na usukani. Miaka ya kusukumwa upande mmoja ilikuwa imekiinamisha, na kona yake ya nyuma ikawa inasugua. Alifungua tena skrubu tano, akalegeza bolti mbili za reli, akaisogeza upana wa kucha, akakaza. Mishono minne na nusu.

"Hiyo nusu?" aliuliza Weka Mpya.

"Hiyo nusu ni umri. Niachie gari nalo liwe na heshima yake."

Kabla ya kufunga mara ya mwisho aliandika kwenye chuma, chini ya maandishi ya zamani ambayo hakuyafuta: tarehe, *mishono 14, sasa 4 na nusu, nailoni ipo.*

Alhamisi Chaki hakwenda kwenye mtihani. Kilichotokea kilisimuliwa na Mwalimu, na wanafunzi wake wamekithibitisha.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mrefu mwenye kalamu ya kijani, yule yule aliyeandika ile barua. Alimwita mwanafunzi wa kwanza, binti mwenye sauti ndogo, na huyo ndiye aliyekuwa akiendesha peku. Akamwambia ashushe kioo, aonyeshe ishara ya kugeuka kulia, apandishe. Kioo kilishuka. Ishara ikatolewa, sawasawa. Binti akabonyeza swichi ya kupandisha na, papo hapo, kwa mazoea ya miezi minne, kiganja chake cha kushoto kikainuka kwenda kukisaidia kioo.

Mwalimu, aliyesimama mita kumi nyuma pamoja na wanafunzi wengine watano, anasema moyo wake ulikaa chini bila kuuliza. Aliiona ile kalamu ya kijani ikienda kwenye karatasi. Neno lililoandikwa kwenye barua lilikuwa "kwa mkono," na mkono ule hapo.

Lakini kiganja kilichelewa. Kilipofika juu, kioo kilikuwa kimeshafika na kufunga, na kiganja kikabaki kimebandikwa kwenye kioo kilichotulia, kama mtu anayempungia mkono basi lililokwisha kuondoka.

Mkaguzi alikiinamia kioo.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Nilikuwa... nakisaidia."

"Kukisaidia nini? Weka mikono yote miwili kwenye usukani. Kushusha na kupandisha nitabonyeza mimi."

Akafungua mlango, akabonyeza swichi mwenyewe, akakishusha kioo na kukipandisha mara tatu. Mara ya tatu hakukitazama kioo. Alikuwa anamtazama Mwalimu. Kisha akaweka alama kwenye karatasi, akasema, "Gari limekubaliwa. Sasa tuone kama dereva naye atapanda." Wanne kati ya sita walifaulu siku ile. Binti alikuwa mmoja wao, akiwa na viatu miguuni.

Mwalimu alipiga simu uwanjani saa sita. Weka Mpya ndiye aliyepokea, maana Chaki alikuwa chini ya meza yake, amevuta sanduku la karatasi za zamani. Alikuwa anatafuta daftari la mwaka wa kwanza. Alilipata likiwa limeliwa na mende pembeni, lakini kurasa zilisomeka: milango kumi na mmoja, majina ya wenye magari, namba za simu za wakati ule. Mlango wa Mwalimu ulikuwa wa saba.

Wiki iliyofuata alizipiga namba zote kumi zilizobaki. Nne hazikuwepo tena. Magari matatu yalikuwa yameuzwa mbali, na mmoja wa waliouza alidhani anatapeliwa, akamkatia simu. Waliobaki ni watatu. Wawili waliahidi kuja na hawajaja bado, naye huwakumbusha kila Jumatatu.

Wa tatu alikuja Jumamosi asubuhi, mzee wa gari la bluu, akashuka akiwa na mashaka. Alibonyeza swichi mbele yake, na kioo kikapanda bila kusita. Chaki alihesabu mitano.

"Unaona, mama?" alisema mzee. "Kioo changu hakina ubaya wowote. Kinapanda vizuri."

Chaki alikuwa ameshaweka sahani ya skrubu chini na kupiga magoti kwenye changarawe, rula mkononi, akitafuta mahali pa kuipenyeza.

"Bado kinapanda, baba," alisema. "Nipishe kidogo hapo mlangoni."